Robo ya Nani? Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Udahili na Watunzi wa Mitihani ya Uamuzi

Kwa wakuu wa udahili katika vyuo vya udaktari, uuguzi na ualimu, na kwa kampuni na taasisi zinazotunga mitihani ya uamuzi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu tarakimu moja: robo anayopangiwa mwombaji baada ya mtihani wa uamuzi, waliofanya wakigawanywa vipande vinne kwa alama zao.

Mwombaji anakaa mbele ya kompyuta zaidi ya saa nzima. Anapewa kisa baada ya kisa: mwenzake wa kikundi anajitwalia sifa ya kazi ya wengine, mgonjwa anakataa dawa na ndugu zake wanataka apewe kwa nguvu, rafiki anaomba kufichiwa kosa. Kila mara anaulizwa angefanya nini, na kwa nini. Wiki kadhaa baadaye majibu yanakuja: robo ya pili. Basi. Hapewi alama, haambiwi ni kisa gani kilimshinda wala alipungukiwa na nini. Anachoambiwa ni kwamba wapo waliomzidi na wapo aliowazidi.

Mimi ni mwalimu wa takwimu, na kila msimu wa udahili waombaji huniletea tarakimu hiyo niwasomee. Wengi huwa wameshaisoma wenyewe, na wameisoma vibaya. Aliyepata robo ya pili anaamini amepata nusu ya maksi. Aliyepata robo ya chini anaamini amepimwa utu wake ukaonekana haupo. Aliye robo ya juu ananiuliza kama sasa anaweza kulegea kidogo kwenye sehemu nyingine za maombi. Siwalaumu. Tarakimu imetolewa bila kile kinachoipa maana, na wenye kuitoa ni ninyi.

Hoja yangu ni fupi ingawa barua ni ndefu. Nafasi ya mtu miongoni mwa watu haiwi taarifa mpaka useme ni watu gani, kipimo chenyewe kinayumba kiasi gani, na nafasi hiyo itatumiwaje. Mwombaji wa leo mara nyingi huondoka na robo yake mkononi bila hata moja kati ya hayo.

Nianze na jambo dogo, ambalo lingerekebishwa kwa kikao kimoja tu kama watunzi mngekubali kukaa meza moja. Katika mtihani wa Casper, uliozaliwa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada na sasa unatumiwa na vyuo vingi Amerika ya Kaskazini, robo ya nne ndiyo ya juu kabisa. Katika sehemu ya uamuzi ya UCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari nchini Uingereza, daraja la 1 ndilo la juu na la 4 ndilo la chini. Mtihani wa PREview wa AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, hutoa alama kutoka 1 hadi 9, na 9 ndiyo bora. Mwombaji anayejaribu bahati yake Kanada na Uingereza mwaka mmoja anaweza kupokea 4 mbili, moja ya kufurahia na moja ya kuhuzunikia. Nimeshaona familia ikisherehekea 4 isiyo yake kusherehekewa.

Tofauti haiishii kwenye mwelekeo. Robo ni robo: lazima iwe na mtu mmoja kati ya kila wanne, mwaka uwe mzuri au mbaya. Daraja la UCAT halifuati sheria hiyo. Linatokana na jinsi majibu ya mtahiniwa yanavyokaribiana na ya jopo la wataalamu, na idadi ya wanaoangukia kila daraja hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mtu akisema yuko daraja la 2 hajasema kwamba yuko katika nusu ya juu. Huenda yumo, huenda hayumo. Ni lazima utafute takwimu za mwaka wake. Watu wawili wenye tarakimu zinazofanana wanaweza kuwa wameambiwa mambo mawili yasiyo na undugu, na hakuna karatasi ya majibu niliyoletewa ambayo ilimweleza mwombaji hivyo kwa lugha ya kawaida.

Sasa nije kwenye swali la kichwa cha barua. Robo ya nani?

Kila aliyesoma shule inayopanga wanafunzi kwa nafasi anajua maana ya ripoti inayosema "wa 12 kati ya 45". Mzazi mwenye busara hakuishia hapo. Aliuliza darasa lenyewe likoje, maana wa 12 katika darasa la waliochujwa mara mbili anaweza kuwa wa kwanza katika darasa la jirani. Waombaji wa udaktari ni darasa la waliochujwa. Kabla ya kufikia mtihani wenu wameshapita masomo magumu, wameshajitolea hospitalini au kwa wazee, wameshatafuta watu wa kuwaandikia barua za sifa, na wengi wamefanya mazoezi ya visa kwa miezi. Wasiojali wenzao hawajaisha humo, najua, lakini wengi wao waliishia njiani. Katika kundi la namna hiyo, mtu wa robo ya chini analinganishwa na watu ambao mitaani wangeitwa wastaarabu na wenye huruma. Ameshika mkia kwenye foleni ya watu wazuri.

Na mkia lazima uwepo. Hili ndilo linalowashangaza waombaji kuliko yote ninayowaambia. Tuseme watu 12,000 wamefanya mtihani. Hata wote wangejibu kwa hekima, 3,000 wangepelekwa robo ya chini, kwa sababu robo haipimi kama umevuka kiwango fulani, inagawa foleni vipande vinne. Kinyume chake pia ni kweli: wote wakijibu ovyo, 3,000 wataambiwa wako juu. Robo peke yake haiwezi kumwambia mkuu wa udahili kama mtu huyu anafaa kumhudumia mgonjwa. Inamwambia alisimama wapi katika msafara wa msimu huo, miongoni mwa waliofanya mtihani wa aina ile ile. Kama aina ya mtihani wa uuguzi ni tofauti na wa udaktari, misafara ni miwili, na robo ya tatu ya huku haibadilishwi kwa robo ya tatu ya kule kama noti za nchi moja.

Nawaomba sasa mnivumilie kwenye hesabu, kwa sababu ndimo lilimo kosa linaloumiza watu wengi zaidi. Si hesabu ya siri. Yeyote mwenye jedwali la mgawanyo wa kawaida anaweza kuirudia.

Alama zikisambaa kwa umbo la kengele, mstari unaotenga robo ya chini na inayofuata uko mkengeuko sanifu 0.67 chini ya wastani (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka wastani). Mstari wa katikati uko kwenye wastani wenyewe. Mstari wa juu uko 0.67 juu ya wastani. Maana yake robo mbili za katikati ni nyembamba mno, kila moja ina upana wa 0.67 tu, ilhali zile za pembeni zinatanuka hadi mwisho wa kengele. Tukihesabu watu 100 kutoka chini, wa 49 na wa 51 wametengana kwa mkengeuko sanifu 0.05, tofauti ambayo jibu moja lililokatizwa na saa linatosha kuileta. Mmoja anaambiwa robo ya pili na mwingine ya tatu. Lakini wa 26 na wa 49, waliotengana kwa zaidi ya 0.6, wote wanaambiwa robo ya pili. Wa 1 na wa 24 wametengana kwa 1.6, nao wanafungiwa chumba kimoja. Aliyejibu vibaya sana na aliyekosa kidogo tu kuvuka mstari wanapokea ujumbe uleule, neno kwa neno.

Hapo bado sijagusa kuyumba kwa kipimo. Mitihani ya uamuzi ina uthabiti wa kadiri, yaani matokeo ya mtu yuleyule hujirudia kwa kiasi tu, na sababu yake inaeleweka: kisa kimoja kinapima huruma, uaminifu, kufikiri haraka na uwezo wa kujieleza, vyote kwa mpigo, na visa vyenyewe ni vichache. Kwa kipimo cha 0 hadi 1, nawapa uthabiti wa 0.8, ambao kwa mitihani mingi ya aina hii ni ukarimu. Kosa la kipimo hupatikana kwa kutoa 0.8 kwenye 1 na kuchukua kipeuo cha pili cha kinachobaki: karibu mkengeuko sanifu 0.45. Ukiuweka kila upande wa alama ya mtu unapata mkanda wa 0.9. Mkanda wa shaka ni mpana kuliko robo tunayodai kumweka ndani yake.

Mchukueni mwombaji ambaye kiwango chake cha kweli kiko katikati kabisa ya robo ya pili, mahali ambapo mtu angetarajia usalama. Kwa uthabiti wa 0.8, uwezekano wa mtihani kumweka kwenye robo yake ni kama 55 kati ya 100. Uwezekano wa kupandishwa ni kama 24, wa kushushwa kama 21. Uthabiti ukishuka hadi 0.7, uwezekano wa kuwekwa panapomstahili unashuka chini ya nusu. Na huyu ni wa katikati ya robo. Aliye jirani na mstari, mtihani wenu unamrushia sarafu.

Sitaki hesabu hiyo isomwe kama hoja ya kuufuta mtihani. Mwombaji huyohuyo wa robo ya pili kurushwa hadi robo ya juu ni jambo linalotokea kwa kama mtu mmoja tu kati ya 100. Kipimo kinaweza kumtenga aliye mbali juu na aliye mbali chini. Kisichoweza ni kutenga majirani, na nusu nzima ya waombaji wamo katika zile robo mbili nyembamba za majirani. Chuo kinachosema "tunaita kwenye usaili robo ya tatu na ya nne peke yake" kimeweka kisu mahali ambapo waombaji wamesongamana kuliko popote kwenye mgawanyo. Kama mngetafuta kwa makusudi sehemu ambayo kosa dogo la kipimo litageuza hatima ya watu wengi kabisa, msingepata bora kuliko hiyo.

Kuna jambo jingine hapa ambalo waombaji wanaorudia huliona bila kulielewa. Mwaka jana robo ya pili, mwaka huu ya tatu. Anaamini amekomaa. Pengine kweli. Lakini hesabu niliyoionesha inasema mtu asiyebadilika hata kidogo anaweza kupanda namna hiyo, na mwenzake asiyebadilika anaweza kushuka. Kati ya miaka miwili hiyo anakuwa amelipa pesa kwa mtu wa kumfundisha majibu. Biashara ya mafunzo ya mitihani hii inanenepa kwa ukimya wenu: mwombaji asiyeambiwa alikosea wapi hununua ushauri kutoka kwa yeyote anayejiamini, na aliyepanda robo moja kwa kuyumba kwa kipimo hugeuka shahidi wa matangazo. Mwenye pesa hurudia zoezi hilo akiwa na mwalimu. Asiye nazo hubaki na tarakimu.

Niseme pia kuhusu jibu sahihi, kwa sababu nalo ni la kulinganishwa. Kwenye UCAT na PREview, ufunguo wa majibu unatokana na makubaliano ya watu wenye uzoefu: jibu lako likilingana na lao unapata alama zote, likikaribia unapata sehemu. Kwenye Casper jibu la wazi husomwa na binadamu, na kila kisa husahihishwa na mtu tofauti asiyejua uliandika nini kwingine. Huo wa mwisho ni mpangilio mzuri, nausifu bila kusita, maana chuki au mapenzi ya msahihishaji mmoja hayatii sumu karatasi nzima. Lakini wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jopo ni watu, wana mazingira yao na mazoea ya kazi yao. Kumwambia mkubwa wako hadharani kwamba amekosea ni ujasiri kwa jopo fulani na utovu wa adabu kwa jingine. Tofauti za alama kati ya makundi ya kijamii kwenye mitihani hii kwa kawaida ni ndogo kuliko kwenye mitihani ya maarifa na hesabu, na hiyo ni sababu halali ya kuitumia. Ndogo si sawa na hazipo. Mwombaji anastahili kujua jopo lilikuwa la watu wa aina gani: taaluma zao, nchi wanazofanyia kazi, idadi yao. Majina siyahitaji.

Mtu anaweza kuniuliza, basi kwa nini tusiachane nayo kabisa? Kwa sababu ushahidi wa manufaa yake upo. Mfano ninaoupenda unatoka Flanders, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi, ambako mtihani wa pamoja wa kuingia udaktari ulianza mwaka 1997 ukiwa na sehemu ya visa vya video kuhusu mahusiano na wagonjwa. Watafiti Filip Lievens na Paul Sackett walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi hao, na wakaonesha kwamba alama za sehemu hiyo zilihusiana na utendaji wao katika mafunzo ya kazi miaka 7 baadaye na katika kazi yenyewe miaka 9 baadaye, juu ya kile ambacho mtihani wa akili ulikuwa umeshaeleza. Uhusiano ulikuwa mdogo. Lakini kupata chochote kinachodumu miaka 9 katika fani yetu ni jambo la kuvua kofia. Ninachotaka mkione ni kwamba uhusiano mdogo unaosaidia ukiwatazama maelfu kwa pamoja hauwezi kugeuzwa hukumu juu ya mtu mmoja aliyeanguka nusu hatua chini ya mstari.

Uingereza ina funzo la upande wa pili, nalo linahusu hatua inayofuata, ya kuwapangia madaktari wapya vituo vya kazi. Kwa miaka kumi hivi, hadi 2023, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alipewa jumla ya pointi 100: hadi 50 kutoka mtihani wa uamuzi, na hadi 50 kutoka rekodi yake ya chuo. Sehemu kubwa ya hizo za chuo, kati ya 34 na 43, ilitolewa kwa kipande alichomo mwanafunzi, wenzake wa chuo chake wakigawanywa vipande kumi sawa, yaani nafasi yake ndani ya darasa lake. Kwa hiyo nafasi ya ndani ya chuo ilijumlishwa na alama ya mtihani wa taifa, jumla ikapangwa tena kuwa foleni ya nchi nzima, na vipande vya pointi vikaamua nani anafanya kazi karibu na watoto wake na nani anahamia mbali. Kuanzia walioingia kazini 2024 mfumo huo umeondolewa, na nafasi ya mtu katika foleni sasa hutolewa na kompyuta kwa bahati, huku kipaumbele kikiwa ni kuwapa wengi iwezekanavyo chaguo lao la kwanza. Wapo wanaouchukia mfumo mpya, na nawaelewa. Jitihada za miaka kuishia kwenye bahati nasibu hazina ladha. Hata hivyo mimi naona kuna unyoofu fulani ndani yake. Bahati iliyotangazwa kuwa bahati haimwambii mtu kwamba ana upungufu wa busara.

Nirudi kwenu wa udahili, maana watunzi nimewasema vya kutosha. Matumizi yenu ya alama hizi hayafanani hata kidogo. Miongoni mwa vyuo vya udaktari vya Uingereza kuna vinavyomkataa moja kwa moja aliyepata daraja la 4, kuna vinavyogeuza daraja kuwa pointi za usaili, na kuna visivyolitazama kabisa. Sina ugomvi na uhuru wenu wa kuchagua. Nina ugomvi na maneno kama "tunaitazama alama kwa ujumla pamoja na mambo mengine", ambayo hayamwambii mwombaji chochote na yanawaachia ninyi kila mlango wazi. Kama robo ina uzito wa asilimia 10 ya alama ya kuitwa usaili, andikeni 10. Kama ni kizingiti, andikeni kizingiti, na muandike kiko wapi. Mwombaji mwenye daraja la 4 anayetuma maombi kwenye chuo kisichopokea daraja la 4 amepoteza moja ya nafasi chache alizonazo, na taarifa ya kumwokoa ilikuwa mezani kwenu muda wote.

Kuna na suala la nani anajua nini. Kwa Casper, chuo hupokea alama sanifu, inayoonesha umbali wa mwombaji kutoka wastani wa kundi lake. Mwombaji mwenyewe hupokea robo. Yaani mwenye kipimo kizuri ni anayehukumu, na anayehukumiwa hupewa kivuli chake. Nimesikia ikitetewa kwamba robo inawakinga waombaji wasihangaike na tofauti ndogo zisizo na maana. Ingekuwa hivyo, chuo kingekuwa cha kwanza kukingwa, kwa kuwa ndicho chenye uwezo wa kuzitumia tofauti hizo ndogo kumwacha mtu nje.

Basi nasema ninachokitaka. Karatasi ya majibu itaje kundi la kulinganishwa kwa maneno: aina ya mtihani, msimu, idadi ya watu. Impe mwombaji alama ileile inayopewa chuo, ikiwa na mkanda wa kosa lake, kwa sentensi ambayo kijana wa sekondari anaielewa, kwa mfano: "Nafasi yako ni ya 44 kati ya 100 kutoka chini, lakini kwa kuwa kipimo huyumba, nafasi yako ya kweli huenda ikawa popote kati ya 28 na 62." Iandike wazi kwamba kuwa wa 44 hakumaanishi umepata maksi 44. Iseme juu ni wapi na chini ni wapi, hata kama watunzi mtaendelea kukataa kukubaliana. Na robo, kama mnaipenda sana, ibaki kama pambo pembeni.

Kwa vyuo, ombi langu zito ni moja: msitumie mstari wa katikati kama mlango. Kama idadi ya waombaji inawalazimisha kuchuja kwa mtihani huu, chujeni mkiani, kwa wale walio mbali kiasi kwamba hata mkanda wa kosa hauwafikishi kwenye kundi la katikati, na hapo pia awepo mtu wa kulisoma faili kabla halijafungwa. Kwa wengine wote tumieni alama yenyewe kama nukta moja kati ya nyingi, wala si robo. Robo inatupa taarifa mliyoilipia na kuweka kuta mahali ambapo hakuna kuta. Kisha kila baada ya miaka michache chapisheni kama walioingia kwa alama za juu wamekuwa wahudumu bora kuliko walioingia kwa alama za chini. Vyuo vingi vinadai alama hizi kwa waombaji msimu baada ya msimu, na ni vichache vinavyorudi kuonesha zilitabiri nini katika madarasa yao wenyewe.

Najua mtasema mkanda wa kosa utawachanganya watu. Vijana hawa wanaomba kwenda kusoma matokeo ya maabara yenye viwango vya chini na vya juu, na kuwaeleza wagonjwa kwamba kipimo kinaweza kukosea. Wanaweza kusoma mkanda mmoja wenye jina lao.

Sihitaji barua ya majibu iliyoandikwa kwangu. Wekeni majibu yenu kwenye kurasa ambako mwombaji hulipia mtihani, kabla hajabonyeza kitufe cha kulipa, na yawepo hapo kabla dirisha la msimu ujao halijafunguliwa.

Wasalaam,

Mwalimu wa takwimu